Masizi Katika Valvu za Motokaa

Msomaji wetu mmoja wa Korbesa, upande wa Merti, ametuletea swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wote. Motokaa yake ya petroli, aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika huko Japani, hutetemeka asubuhi inapowashwa, na ikipanda mwinuko hukosa nguvu. Alishauriwa atie chupa ya dawa katika tangi la petroli, naye ametia chupa tatu. Mtetemo haukuondoka. Auliza: je, dawa hiyo ni ya uwongo?

Huenda dawa ni ya kweli, lakini haifiki penye ugonjwa. Katika injini nyingi petroli hunyunyizwa nyuma ya valvu ya kuingizia hewa, na kila inyunyizwapo huiosha. Mwaka 1996 Mitsubishi na Toyota walianza kuuza huko Japani motokaa ambazo petroli yake hunyunyizwa ndani ya silinda yenyewe. Namna hii hupunguza matumizi ya petroli, lakini valvu haioshwi tena. Mvuke wa oili utokao chini ya injini hurudishwa katika njia ya hewa, hukutana na valvu yenye moto, nao huganda juu yake kama masizi ya sufuria ya kuni, hata hewa ikapita kwa shida. Mtu akitia chupa kumi katika tangi, valvu hazitalowa hata tone.

Basi ndugu yetu atazame kwanza kifuniko cha injini. Mara nyingi huandikwa GDI au D-4. (Asiichanganye na D-4D, ambayo ni ya dizeli.) Kisha apime plagi na koili zake, kwa maana hizo nazo zikichoka huleta mtetemo kama huo, na ni hasara kufungua injini kwa kosa la plagi.

Masizi yakionekana, hakuna budi kuyatoa kwa mkono. Fundi hufungua bomba la hewa lililo juu ya valvu, na kuziba matundu mengine kwa vitambaa safi. Huzungusha injini kwa spana mpaka valvu za silinda anayoishughulikia zifunge kabisa. Hapa ndipo wengi huharibu. Ajaribu kwa kumimina dawa ya kuyeyushia masizi katika tundu: ikishuka, valvu haijafunga, na uchafu utaanguka ndani ya silinda. Ikitulia, aiache iloweshe, kisha asugue kwa brashi laini ya shaba au kijiti, na kufyonza uchafu wote kabla ya kuendelea na silinda ya pili.

Gereji kubwa za mijini hupuliza kwa upepo maganda ya jozi yaliyosagwa, ambayo ni magumu kuliko masizi lakini ni laini kuliko chuma. Tumesikia mtu akisema kwamba mchanga wa Ewaso Ng'iro ungefanya kazi hiyo bure. La hasha! Chembe chache za mchanga zikibaki, zitakwangua kuta za silinda, na injini itaanza kula oili.

Hatuandiki haya kwa kupenda ufundi tu. Motokaa ya Korbesa si ya matembezi. Leo imebeba mbuzi wa mnada, kesho mama mjamzito apelekwaye hospitali ya Merti. Na kutoka Merti hadi mji wa Isiolo ni kama kilomita 200. Injini inayosita asubuhi haifai kungojewa mpaka usiku wa haja.

Fundi afungapo bomba asirudishe gasketi ya zamani, maana ikivujisha hewa mtetemo utarudi palepale. Injini ikitoa moshi kidogo mara ya kwanza, ndugu yetu asishtuke: ni mabaki ya dawa yanayoungua. Tangu hapo abadilishe oili kwa wakati wake, hasa akienda safari fupi fupi, na fedha ya chupa ya nne ainunulie chujio la hewa, kwa vumbi la barabara ile.