Faranga elfu tano ili akaunti isife

Siku mishahara inapotoka, rue d'Ambiance mjini Butembo huamka mapema kuliko kawaida. Walimu na wauguzi walioingia mjini jana yake na kulala kwa ndugu wanajipanga ukutani mwa benki, koti juu ya koti, maana baridi ya asubuhi ya Butembo haina mchezo. Kila mtu ameshamkariri aliye mbele yake na aliye nyuma yake. Safari moja nilijikuta nyuma ya muuguzi aliyetoka upande wa Kyondo. Alipofika dirishani alitoa karibu pesa zote, akabakiza faranga elfu tano. "Acha hizo, baba, akaunti isife," alimwambia karani. Karani akacheka, akatugeukia sisi tuliobaki: "Nyinyi ni watu wa kuchota tu, kuweka hamjui!"

Mama yule hakumjibu. Alitoka nje moja kwa moja hadi kwa mbadilisha pesa mwenye mwavuli na kimeza chake, akanunua dola. Noti ya kwanza aliyopewa ilikuwa na mpasuko pembeni, mdogo kama jino la panya. Akairudisha bila kusema neno. Sokoni nani angeipokea?

Maneno ya karani nimekaa nayo, kwa sababu si utani mtupu. Kwenye kompyuta ya benki yoyote duniani, muuguzi yule ni mteja wa hasara. Pesa inaingia mara moja kwa mwezi na inatoka siku hiyo hiyo. Haweki akiba, hakopi, hana kadi. Kuna nchi ambako mteja anayekuja kuchukua chake na kuondoka huonyeshwa mlango. Mwaka 2016 benki ya Chase ya Marekani ilitoa kadi ya Sapphire Reserve, ikaahidi pointi 100,000 kwa kila anayejiunga na kutumia kiasi fulani cha pesa. Watu waliifuata zawadi kwa wingi kiasi kwamba mwanzoni mwa 2017 pointi zikakatwa hadi 50,000. Wapo Wamarekani wanaofungua akaunti, wanachukua bonasi, wanahamia benki nyingine, na benki zimejifunza kuwatambua na kuwafungia. Kwa upande wangu siwaonei huruma sana, wala benki siionei. Aliyetega chambo asishangae samaki akila chambo akakwepa ndoana.

Kongo hali ni nyingine, na tofauti inaanzia kwenye neno lenyewe. Kwetu bonasi inaitwa prime, na prime si zawadi. Mshahara wa msingi wa mtumishi wa serikali ni mdogo mno, hivyo kinacholisha nyumba ni prime: kuna prime ya hatari ya watu wa afya, kuna prime za wizara zinazokusanya kodi, kuna prime ambazo hata anayezilipwa hawezi kukueleza zilianza lini. Kwa hiyo ukisema akaunti fulani ipo kwa ajili ya kupokea prime tu, umeeleza jinsi nusu ya mtaa inavyoishi. Hujataja kosa lolote.

Tena muuguzi wa Kyondo hakuifuata benki. Alipelekwa. Kabla ya 2011 mshahara ulisafiri ndani ya mifuko, kutoka mkono wa mhasibu mmoja hadi wa mwingine, na kila mkono ulibaki na kitu. Ile iliyoitwa "opération retour", ya mdogo kumrudishia mkubwa sehemu ya alichopewa, ilijulikana na kila mtu. Ndipo serikali, Matata Ponyo akiwa waziri wa fedha, ikaamua kwamba kila mtumishi alipwe kwa jina lake, kwenye akaunti yake. Mahali pasipo na benki, Caritas ya Kanisa Katoliki ikabebeshwa kazi ya kuwalipa walimu. Yalikuwa mageuzi mema, nayaunga mkono hadi leo. Ila tusijidanganye kuhusu kilichozaliwa: maelfu ya akaunti zilizofunguliwa kwa amri, za watu waliohitaji dirisha la kupokelea pesa wala si mahali pa kuitunza.

Kwa nini wasiitunze humo? Muulize mzee yeyote wa Butembo kuhusu Desemba 1979, Mobutu alipofuta noti za zaire 5 na 10 na kuwapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Aliyekuwa na gunia la noti kijijini alibaki na gunia la karatasi. Muulize mwanawe kuhusu 1993 na 1994, bei zilipopanda kati ya asubuhi na jioni. Mjukuu naye atakuambia habari za BIAC, benki iliyokwama mwaka 2016 na kuwawekea wateja kiwango cha kutoa pesa zao wenyewe. Wakati huo huo matajiri wa mji huu, walioleta vitenge na pikipiki kutoka Dubai na Guangzhou kupitia Mombasa na Kasindi, walijenga maghorofa kwa kuaminiana wao kwa wao. Wadogo wana likelemba yao: leo unakula wewe, mwezi ujao anakula jirani. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini elfu tano za mama yule zikikaa miezi kadhaa kwenye akaunti bila pesa mpya kuingia, makato ya benki yanazimaliza.

Hata hivyo, anayetaka akaunti hizi zisafishwe, yaani zile za kupokea na kutoa tu zifungwe, ana hoja nzito, na yeyote aliyeishi Beni au Butembo anaijua kwa macho. Mwanzoni mwa 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitangaza matokeo ya kuchunguza listi za mishahara ya serikali: zaidi ya watu 145,000 walikuwa wakilipwa kwa namba za matrikule zisizo sahihi au za kubuni, na zaidi ya 53,000 walichangia namba moja na mtu mwingine. Huko ndiko inakokaa mizimu, watumishi wa jina tu wasio na mwili. Hapa kwetu tuliishi pia miaka ya Ebola, tangu ugonjwa ulipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua zaidi ya watu 2,200. Prime za riposte, yaani za kazi ya kupambana na Ebola, ziliingia mjini kama mvua. Watu wakazipa jina la "Ebola business", na jina hilo lilikuwa na sumu: walioamini kwamba ugonjwa ni biashara walikimbia chanjo. Ndani ya zile listi walikuwamo waliozika wafu kwa mikono yao, na yalikuwamo majina yasiyo na mikono. Kisha malipo yalipochelewa, waliozika ndio walioandamana.

Sasa ziweke akaunti mbili pamoja kwenye kioo cha kompyuta, ya muuguzi na ya mzimu. Zinafanana. Pesa ya serikali inaingia, hakuna kingine kinachoingia. Pengine mzimu ndiye atakayeonekana mteja bora, kwa kuwa nyuma yake yuko mtu mjanja mwenye nafasi ya kuacha salio, kutumia simu, kuzungusha kidogo. Muuguzi hana nafasi hiyo. Kuja mjini ni nauli na ni hatari. Njia zetu watu wanazipita huku wakisali. Atakuja mara moja, atatoa zote. Benki itakayofunga akaunti kwa kuangalia tabia yake itamkamata yeye kwanza.

Na vita vya waasi wa M23 vimeongeza jambo ambalo kompyuta hailielewi hata kidogo: ukimya. Kanyabayonga ilipoanguka mwishoni mwa Juni 2024, walimu na wauguzi wa kusini mwa Lubero walipanda kuja huku na watoto wao. Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, watu wakawa wanavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, kutafuta mashine ya kutolea pesa, na serikali ya mkoa ikahamia Beni. Akaunti za watu hawa zilinyamaza miezi. Nyingine zilipokea pesa ambayo mwenyewe hakuweza kuifikia, na kitambulisho ameacha nyumbani mlango ukiwa wazi. Ukiitazama kwa mbali, ni akaunti ya mzimu kabisa.

Ndiyo maana nasema: akaunti ifungwe kwa sababu mwenye jina hayupo. Namna mwenye jina anavyoitumia pesa yake isiwe sababu. Kuhakiki jina ni kazi ngumu na ya miguu, ndiyo sababu hakuna anayeipenda, lakini hapa tuna njia ambayo miji mikubwa haina. Redio Moto husomea watu matangazo ya vifo na ya watoto waliopotea, na yanafika hadi mashambani. Kabla ya kufunga, listi isomwe huko siku kadhaa, jina, shule au kituo cha afya, pamoja na tarehe ya mwisho ya kujitokeza. Ibandikwe parokiani na ofisini kwa chifu. Wenzake kazini wataitika, "huyo yupo, amekimbilia Oicha kwa dada yake," au watatazamana, kwa kuwa jina hilo katika kituo chao hawajawahi kulisikia.

Makato ya kila mwezi nayo yasimamishwe kwa wakimbizi, walau mpaka warudi kwao. Yule mama wa Kyondo alikuwa na hesabu yake ndogo aliyonieleza tukishuka pamoja kuelekea stendi ya pikipiki: kila mwezi anaacha elfu tano, na kila mwezi akirudi anakuta zimepungua. Aliniuliza zinakwenda wapi. Nilimwambia ni gharama za kutunza akaunti. "Kutunza nini?" akauliza, huku akipanda pikipiki, dola zake zimekunjwa ndani ya kitambaa cha mtoto.