Nani Aliyemtia Mwalimu Hofu ya Kompyuta?

Umezuka mtindo hapa nchini wa kumtwika mwalimu lawama kila mradi wa teknolojia unapokwama shuleni. Husemwa kuwa mwalimu ni mkaidi, kwamba ameing'ang'ania chaki kama kupe, na kwamba wanafunzi wake wamekwisha kumpita. Wasemao hivyo aghalabu ni watu wazito, nao huyasema warshani baada ya chai. Madai hayo yafaa yachunguzwe, kwani tukiyakubali yalivyo tutaendelea kununua mitambo ya kuwekwa kabatini.

Itakumbukwa kuwa katika kampeni za mwaka wa 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ilizua mizozo, kipakatalishi kikageuka tabuleti, na ilipofika 2016 ndipo vifaa vikaanza kusambazwa. Hatimaye zaidi ya milioni moja vilifikishwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 21,000. Si kazi haba, na ni haki tuwasifu waliopeleka umeme katika shule ambazo hazikuwa zimewahi kuwasha taa. Lakini hebu tuitazame hesabu hiyo kwa jicho la mwalimu. Mtoto aliahidiwa chombo chake. Mwalimu, ambaye ndiye wa kumwongoza mtoto huyo, alitengewa sehemu yake katika mashine mbili za walimu wa shule nzima, pamoja na semina ya siku chache, tena kwa wachache waliochaguliwa.

Katika shule nyingi vifaa vilipowasili viliingia stoo. Madirisha yalitiwa vyuma, mlango ukaongezewa kufuli, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa mwalimu mkuu. Simcheki mwalimu mkuu. Mali ya serikali imeandikwa kwa jina la shule yake. Ikiibwa, yeye ndiye atakayekwenda kituo cha polisi na kumjibu afisa wa elimu. Ikikaa stoo mpaka betri zife, hakuna amwulizaye neno. Je, wewe msomaji ungekuwa yeye ungeamua vipi? Naye mwalimu wa darasa akitaka kuitumia, sharti aombe ufunguo, atie saini, ahesabu tabuleti moja moja mbele ya watoto sitini, kisha azihesabu tena kabla ya kipindi cha nusu saa kumalizika. Kufundisha atafundisha saa ngapi?

La ajabu ni kuwa mwalimu huyu anayedaiwa kuogopa mitambo amekuwa akitumiwa na kutuma pesa kwa M-Pesa tangu 2007. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, walimu wengi waliwatumia wanafunzi mazoezi kwa WhatsApp, wakijilipia intaneti wenyewe. Fomu za TSC za kutathmini utendakazi wake hujazwa mtandaoni. Alama za tathmini za wanafunzi wake hufika KNEC kwa njia hiyo hiyo, hata ikimbidi ajikokote hadi mjini jioni kulipia huduma hiyo. Mtu afanyaye haya yote haogopi kitufe.

Anachokiogopa ni kukwama mbele ya darasa. Heshima ya mwalimu wetu, tangu zamani, imesimama juu ya dhana kwamba yeye anajua. Chaki haimwaibishi: ikivunjika anaokota kipande. Projekta ikigoma, dakika kumi zinapotea, minong'ono inaanza, na kijana wa kiti cha nyuma anajitokeza kumwonyesha mwalimu pa kubonyeza. Kwa mwalimu aliyetulia, huo ni wasaa mzuri wa kujifunza pamoja. Kwa yule ambaye kila mkutano anaambiwa amepitwa na wakati, ni fedheha itakayosimuliwa majumbani jioni hiyo hiyo. Kesho yake atairudia chaki, nasi tutasema ni mkaidi. (Sisemi kuwa hakuna walimu wavivu. Wapo, na hao hata chaki huwashinda.)

Mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza katika makala yake ya 1977 kuwa imani ya mtu katika uwezo wake hutokana zaidi na kuwahi kulifanya jambo akafaulu. Hufuatia kumwona mwingine akilifanya akafaulu. Maneno ya kushawishi yana nguvu hafifu kuliko kufaulu kwenyewe. Sasa angalia tulichochagua sisi: semina, hotuba na vyeti vya kuhudhuria. Tumeikamata njia dhaifu tukaigharamia.

Ushahidi wa nyumbani pia tunao. Katika kaunti ya Kisumu, mradi wa usomaji wa PRIMR ulilinganisha njia tatu: kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea, kuwapa walimu tabuleti, na kuwapa tabuleti wale maafisa wanaozuru madarasa kuwashauri walimu. Wanafunzi wa makundi yote matatu waliwashinda wenzao waliokuwa nje ya mradi, lakini makundi yenyewe hayakutofautiana sana, wala mashine hazikuongeza mengi juu ya yale yaliyokwisha kuletwa na vitabu, mafunzo na ushauri. Ndipo mpango wa Tusome ulipoenea nchini kuanzia 2015, tabuleti zikakabidhiwa maafisa wa usaidizi wa mtaala. Afisa huketi nyuma ya darasa, hutazama somo, kisha huzungumza na mwalimu. Kwa maoni yangu, faida kubwa hapo ni yule mtu anayerudi tena. Mwalimu aliyekosea leo anajua kuna atakayemsaidia kurekebisha, tena si mbele ya watoto.

Sasa akili unde imebisha hodi, na dalili ni kwamba tunaelekea kuyarudia yale yale: warsha kwanza, lawama baadaye. Wizara ya Elimu ingeanza kwa jambo lisilohitaji zabuni mpya. Mashine za walimu ambazo bado zinafanya kazi zitolewe stoo, mwalimu apewe moja kwa zamu aende nayo nyumbani likizo ya Disemba, aikosee mezani kwake, aulize wanawe, aandae masomo mawili matatu ya muhula wa kwanza. Ikirudi Januari ina ufa kwenye kioo, mwalimu mkuu aruhusiwe kuandika katika daftari la mali ya shule kuwa imeharibikia kazini, na afisa wa elimu aitie saini bila kumwita mtu ofisini.