Lugha Haizaliwi Daftarini

Wako watu wasemao, msomaji, kwamba msemo wa kijiji ni lahaja tu, na lahaja haina haki ila kumezwa. Neno hili hutamkwa kwa sauti ya hekima, nalo si hekima. Ni uvivu uliovikwa kanzu.

Tazama Dagestan, jamhuri ya Urusi iliyo katika milima ya Kaukazi. Humo wamo Wadargini, watu zaidi ya laki tano. Hesabu ya watu ya mwaka 1926 iliwaandika Wakaitagi na Wakubachi mbali. Hesabu zilizofuata ziliwatia wote katika jina la Wadargini. Je, ndimi zao zilibadilika kwa kuwa karani alibadili daftari? Hata kidogo. Mtu wa Kubachi, kijiji mashuhuri kwa masonara wake, hasikilizani kwa urahisi na mtu wa Akusha, kila mmoja akisema cha kwao. Ndiyo maana wataalamu wengi hukiona Kidargini kuwa ukoo wa lugha kadha zilizo ndugu, wala si lugha moja.

Kidargini cha vitabuni kilijengwa juu ya msemo wa Akusha. Mtetezi wake atauliza: shule zingeendeshwaje kwa misemo yote? Swali hilo ni la haki. Kitabu kimoja hupunguza gharama, tena huwakutanisha waliotawanyika. Sisi nasi, katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, tulichaguliwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini Mmvita akisomewa kitabu cha Kiunguja hukifahamu. Mtoto wa Kubachi akifunguliwa kitabu cha Akusha hukuta lugha ya jirani. Kumwambia kuwa hiyo ndiyo lugha ya mama yake ni kumdhulumu mara mbili: ananyimwa chake, kisha anaambiwa hakunyimwa kitu.

Basi msemo wa Akusha na uwe daraja. Lakini daraja halijengwi kwa kuifukia ng'ambo ya pili. Kikubachi, Kikaitagi na Kichiragi navyo viandikiwe kamusi, sarufi na hadithi, ili mtoto avuke akiwa na mzigo wake kichwani.

Nawe usomaye haya, ukimsikia mtu akidharau msemo wa wenziwe, muulize ameupima kwa kipimo gani. Akikuonyesha daftari la karani, mwambie lugha haikuzaliwa humo.