Kabla ya Kununua Paneli ya Pili

Mara nyingi nimesikia watu wakiulizana, "Je, paneli yako ni ya wati ngapi?" Sijasikia hata mmoja akiulizwa unene wa waya wake. Kwa maoni yangu swali hilo ndilo lingestahili kutangulia.

Kwetu mwembe hufunika nyumba, kwa hiyo fundi aliiweka paneli ya wati 100 juu ya ghala, akavuta waya mita 20 mpaka sebuleni kwenye betri ya volti 12. Waya ulikuwa wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa za umeme wa gridi. Taa zilizimika saa mbili usiku, mdogo wangu akiwa katikati ya hesabu zake. Baba akaambiwa paneli haitoshi. Akauza mbuzi wawili, akanunua nyingine kama ile. Taa zikafika saa tatu kasoro.

Wakati wa likizo niliazima mita ya maabara kwa idhini ya Mwalimu wa Fizikia. Saa sita mchana nilipima volti 17 kwenye paneli na volti 12 sebuleni, na mkondo ulikuwa karibu ampea 11. Volti 5 zimepotea njiani! Zidisha 5 kwa 11, upate wati 55, zaidi ya nusu ya paneli ya mbuzi, zikipasha waya moto bure. Na betri ile haijai mpaka ipate volti 14 na ushei.

Umeme wa gridi huja kwa volti 230, hivyo wati zetu zote zingepita kwa mkondo usiofika ampea moja. Sola ya volti 12 hubeba mkondo mkubwa, na kadiri mkondo na urefu unavyozidi ndivyo upotevu unavyozidi. Tena urefu huhesabiwa kwenda na kurudi: mita 20 zetu zilikuwa 40.

Wako watakaosema waya mnene ni ghali. Ni kweli, shaba haiokotwi. Lakini sisi tulihamishia betri na kidhibiti chaji ghalani, tukanunua waya wa milimita 4 za mraba, mita 5 tu kwenda na 5 kurudi. Upotevu ukashuka hadi nusu volti. Waya wa zamani sasa hupeleka umeme kwenye taa, maana taa zetu hula ampea moja tu. (Dukani kata ncha uitazame: alumini iliyopakwa shaba huzuia umeme zaidi kuliko shaba tupu.)

Simlaumu fundi peke yake. Kanuni ya Ohm niliinakili daftarini, nikapata alama zangu, na kila likizo nikalala chini ya waya ule ule.

Juzi tuliifunika paneli ya pili kwa gunia kutwa nzima, kwa kujaribu. Taa zilifika saa nne.