Gari la umeme: vijana msiingizwe mjini!

Kijiweni siku hizi wimbo ni mmoja tu: gari la umeme. Halinywi petroli, halina oili ya injini, halina plagi. Kweli tupu, wala sina ugomvi nayo. Kijana aliyechoka kukamuliwa kodi kwenye kila lita ya mafuta, huku vigogo wakijaziwa matanki kwa fedha za umma, ana haki ya kutafuta mlango wa kutokea. Lakini dalali akikuimbia hayo, muulize: betri ina afya gani?

Chukua Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010 na ambalo leo ni mtumba wa bei ya chini. Betri ya matoleo ya kwanza ilikuwa ya uniti 24, na likiwa jipya wapimaji wa serikali ya Marekani waliliandikia kilometa 117 kwa chaji moja. Betri hiyo haina maji ya kuipoza. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika joto la Arizona walipiga kelele kwamba betri zinachoka mapema mno, hadi kampuni ikaongeza dhamana ya miaka mitano kwa uwezo wa betri. Dhamana hiyo imekwisha zamani. Wewe unalileta gari hilohilo kwenye joto la Dar es Salaam, kwenye foleni ya Ubungo, kipoza hewa kikiwaka!

Kwenye dashibodi kuna vijimstari 12 vya afya ya betri. Kimoja kikizimika, karibu asilimia 15 ya nguvu imeshakwenda. Na wajanja wapo: wanafuta kumbukumbu ya kompyuta, vyote vinawaka tena kwa muda, wewe unalipa. Tafuta fundi mwenye kifaa cha kuchomeka garini na kusoma betri kwa simu. Muuzaji akikataa, ondoka.

Halafu umeme wenyewe. Mlalahoi wa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya makato, mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Jaza betri hiyo mara tatu, 72 zimeyeyuka, na taa hujawasha. Ukizidi unaingia kwenye bei ya karibu mara tatu. Nawe uliyepanga chumba Manzese, LUKU moja wapangaji sita, nani atakuacha uvute waya dirishani usiku kucha? (Mwenye nyumba hata pasi anaikataza.) Gridi ya taifa ilipozimika Aprili 1, 2024, mwenye petroli alikwenda kazini.

Serikali inayohubiri nishati safi majukwaani iweke sharti: gari la umeme la mtumba lisiuzwe bila cheti cha kipimo cha betri, kinachoonyesha asilimia iliyobaki. Na Waziri atujibu bungeni: betri hizo zikifa, zitakwenda wapi? Dampo la Pugu?