Uvira: Tablo za buluu zinapendeza, lakini taa nyekundu ya freni imekwenda wapi?

Uvira, Kivu ya Kusini – Pita jioni kwenye parkingi ya magari yanayokwenda Bukavu ao Baraka, kisha uchungulie ndani. Ile tablo iliyotoka Japani na mwanga wake wa kijani ao wa chungwa, katika magari mengi haiko tena. Sasa ni buluu kama ndani ya baa, ao zambarau, ao nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashofere wanajivunia, vijana wanapiga picha, na fundi wa umeme wa magari anapata makuta ya kulisha watoto. Kila mutu anafurahi, isipokuwa abiria ambaye hajui kilichotolewa nyuma ya ile tablo ili ing'ae vile.

Mimi nasema wazi: kwa gari inayobeba watu, kazi hii, jinsi inavyofanywa hapa kwetu, ni hatari. Shofere anayeilipia, fundi anayeifanya na mkubwa anayeiacha ipite wakati wa kontrole tekniki, wote watatu wana la kujibu.

Tuelewane kwanza. Rangi yenyewe si kosa. Watengenezaji wenyewe hawajawahi kukubaliana juu ya rangi moja. BMW walikaa miaka mingi na mwanga wa chungwa unaokaribia wekundu. Volkswagen, mwishoni mwa miaka ya 1990, waliweka buluu yenye mishale myekundu, na baadaye wakahamia nyeupe. Kwa hiyo kama una gari yako binafsi na fundi anayejua kazi, badilisha, sina neno. Ninachokataa ni namna kazi inavyofanywa pembeni ya barabara, ndani ya saa moja, kwa bisibisi moja na mfuko wa ampuli za ledi zisizo na jina.

Sikiliza namna tablo ya gari ya zamani inavyofanya kazi, maana hapo ndipo ubaya unajificha. Nyuma yake kuna ampuli ndogo za volti 12. Kuna zile za kuangaza namba na mishale usiku. Kuna nyingine za kuonya: mafuta ya moteri, bateri, freni, moteri yenyewe. Ampuli hizi za kuonya mara nyingi zinatoa mwanga mweupe tu wa kawaida. Rangi nyekundu unayoiona haitoki kwenye ampuli, inatoka kwenye kidirisha chekundu kilicho mbele yake. Sasa fundi wetu anafungua tablo, anaona ampuli zote zinafanana, anatoa zote na kuweka ledi za buluu pote. Kidirisha chekundu kinapitisha mwanga mwekundu tu, na ule wa buluu kinauzuia. Matokeo yake, siku mafuta ya moteri yatakapoisha, ledi itawaka kule nyuma na shofere hataona kitu. Taa haikufa, imezikwa ingali hai.

Na ya bateri ni mbaya zaidi. Katika magari mengi ya zamani, ule umeme mdogo wa kuamsha alternateri unapita ndani ya ampuli ya taa ya bateri. Weka ledi isiyopitisha umeme wa kutosha, na alternateri inaweza kukataa kuamka. Gari inatembea kwa bateri peke yake mpaka taa za mbele zinafifia katikati ya pori, kati ya Makobola na Mboko, saa mbili za usiku. Kila mtu anayefanya safari za huku anajua maana ya gari kuzimika mahali kama pale. Sihitaji kueleza.

Tupande sasa Ngomo. Kutoka Uvira mpaka Kamanyola barabara ni tambarare, hata shofere mwenye usingizi anafika. Baada ya Kamanyola ni mlima, kona juu ya kona, bonde liko upande mmoja. Wakati wa kupanda moteri inachemka. Magari madogo kama Toyota Vitz mengi hayana mshale wa joto, yana taa tu: ya buluu moteri ikiwa baridi, nyekundu ikichemka. Wakati wa kushuka ni zamu ya freni, na taa nyekundu ya freni ndiyo inayosema kwamba maji ya freni yamepungua. Shofere aliyezima taa hizo mbili kwa ajili ya urembo anawashusha watu wanane Ngomo bila kuambiwa lolote na gari yake.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii. Duniani kote, taa ya buluu kwenye tablo ina maana moja kubwa: taa kali za mbele, zile za mbali, zimewaka. Ukifanya tablo nzima kuwa buluu, ile alama inamezwa. Shofere anasahau, anasonga mbele na taa kali, na yule anayekuja mbele yake kwenye barabara nyembamba anapofuka kwa sekunde chache. Halafu tunalalamika kwamba mashofere wa usiku hawana heshima. Wengine hawana, ni kweli. Lakini wengine hawajui kabisa kama taa zao ni kali, maana wamejizibia macho wenyewe.

Jicho nalo lina mipaka yake. Usiku mwanga wa buluu unatawanyika ndani ya jicho kuliko mwekundu, na jicho linapata shida kuuona kwa ukali, ndiyo maana namba za buluu zinaonekana kama zina ukungu. Ongeza kwamba ledi nyingi za bei rahisi hazitii kile kitufe cha kupunguza mwanga. Zinawaka kwa nguvu ileile mwanzo wa safari hadi mwisho, zinapiga kwenye kioo, na ng'ombe aliyesimama mbele kule Luvungi anaonekana kwa kuchelewa. Wazaliwa watatu wa Japani walioleta ledi ya buluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2014, na wanastahili. Hawakuitengeneza ili izibe taa ya freni.

Niliwahi kuketi mbele katika gari moja kutoka Kamanyola. Tablo ilikuwa inang'aa kama sikukuu. Nikamuuliza shofere taa ya moteri iko wapi. Akanijibu kwa heshima yote: « Papa, ile ilikuwa inasumbua, tukaitoa. » Wenzangu nyuma wakacheka. Nilicheka pia, kwa uoga.

Jibu lile linafungua mlango mwingine, wa biashara. Gari inapotaka kuuzwa na taa ya moteri haizimiki, kurekebisha moteri kunagharimu dola nyingi. Kutoa ampuli hakugharimu kitu. Basi tablo mpya ya buluu inakuwa nguo ya kufunika kidonda: mnunuzi anaona gari « imefanywa mpya », hakuna taa inayolalamika, analipa. Na wakati tablo iko mezani, kwa nini mkono usiguse kilomita pia? Hata fundi mwaminifu anaweza kuharibu. Akivuta mishale ili kubadili uso wa tablo na kuirudisha pasipo mahali pake, gari itasema 60 wakati inakwenda 80.

Najua watakachosema. Kwamba barabara zimeoza, polisi wa rulaji wanaomba pesa kila kona, magari yanapakia watu kama mihogo, na mwandishi huyu analia juu ya ampuli. Barabara mbaya ni kazi ya serikali na tutaendelea kuiandikia. Lakini barabara ikiwa mbaya ndipo gari inapohitaji kusema ukweli zaidi. Na ampuli hizi hakuna mkubwa wa Kinshasa aliyekuja kuzitoa. Tumezitoa sisi, kwa makuta yetu.

Wengine watasema gari ni yangu. Ndiyo, ndugu shofere, gari ni yako. Mama anayetoka Sange na mtoto mgongoni amekulipa, na hakulipia rangi. Kwanza magari mengi ya hapa yana usukani kulia wakati sisi tunatembea upande wa kulia wa barabara. Tayari shofere haoni vizuri anapotaka kupita lori, abiria wa kushoto ndiye anayemwambia « pita ». Kumwondolea na taa za kuonya juu ya hayo ni kupita kiasi.

Dawa yake haihitaji mashine ya Ulaya. Geuza ufunguo bila kuwasha moteri. Taa za mafuta, bateri na moteri zinapaswa kuonekana, halafu zizimike moteri ikisha kuwaka. Vuta freni ya mkono, taa yake ionekane. Sekunde kumi. Shirika la mashofere linaweza kufanya hivyo kila asubuhi hapo parkingi kabla ya gari kupewa zamu, na gari isiyoonyesha taa zake irudi kwa fundi wake, kwa gharama ya mwenye gari. Mafundi nao waguse tu ampuli za mwanga wa usiku, waache za kuonya kama zilivyotoka kiwandani. Wanajua tofauti, ao wajifunze.

Na jimbo, ambalo linalipisha vinyeti, linalipisha kontrole tekniki na kubandika karatasi kwenye kioo: katika magari yote yaliyolipa, ni mangapi ambayo ajenti aliketi kwenye kiti cha shofere na kugeuza ufunguo? Tunangoja jibu, na tutalichapisha hapa likija.