Gereji za mawakala: Soma makadirio kabla ya kuvuka mpaka kutafuta spea

KWA sisi tuliosomea ukimbizini Karagwe, gari lilikuwa mali ya mkuu wa wilaya na mapadri wa misheni. Leo mwalimu wa Kigali anaweza kumiliki gari lililotumika, akalipa mkopo wake kidogo kidogo. Kulinunua si kazi kubwa tena. Kazi huanza siku linapoharibika.

Ndivyo ilivyonikuta. RAV4 yangu yenye usukani wa kushoto ilianza kugonga mbele kila nilipopita kwenye tuta. Nikaipeleka kwenye gereji ya wakala mmoja hapa mjini. Baada ya saa mbili nikapewa makadirio: shokapu mbili za mbele faranga 480,000, linki mbili za stebilaiza 96,000, ufundi 180,000, uchunguzi 40,000. Pamoja na VAT ya asilimia 18, jumla ikawa faranga 939,280. Nilipoomba punguzo, kijana wa mapokezi alinijibu kwa heshima: "Mwalimu, bei hii inatoka kwenye kompyuta, mimi siwezi kuigusa."

Wengi wetu tukifika hapo huwa tuna njia mbili. Ama tunalipa huku tukinung'unika, ama tunampigia simu ndugu aliyeko Kampala au Mwanza atutafutie spea. Njia zote mbili zinaweza kutugharimu, kwa sababu hatujajiuliza pesa hizo zinalipia nini.

Tuanze na ufundi. Gereji za mawakala hufuata kitabu cha kiwanda kinachosema kazi fulani ni ya saa ngapi, kisha saa hizo huzidishwa kwa bei ya saa moja. Fundi akimaliza mapema, wewe unalipa saa za kitabu. Katika bei hiyo kuna pia kodi ya jengo, mashine za uchunguzi na mafunzo ya mafundi.

Pili ni spea zenyewe. Wakala huuza zile zilizo kwenye boksi lenye jina la kampuni ya gari. Lakini viwanda vya magari havitengenezi kila kifaa. Shokapu, plagi, beringi na pedi za breki hununuliwa kutoka viwanda vingine, na mara nyingi viwanda hivyo huuza kifaa cha aina hiyo kwa jina lao wenyewe, kwa bei ya chini. Hicho si kifaa bandia. Bandia ni kile kinachoiga boksi na nembo ya mwingine.

Tatu ni umbali. Mzigo wa Kigali husafiri karibu kilomita 1,500 kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo, au karibu 1,700 kutoka Mombasa kupitia Gatuna. Soko letu ni dogo, na wakala anayeweka ghalani kifaa kinachoulizwa mara moja kwa mwaka hufidia kusubiri huko katika bei.

Hapo ndipo nchi jirani zinapoingia. Soko la Kisekka mjini Kampala, Kariakoo ya Dar es Salaam na Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi zina spea tele. Hata hivyo, Uganda, Tanzania na Kenya huendesha upande wa kushoto, na magari yao mengi ni ya usukani wa kulia yaliyotoka Japani. Sisi huendesha upande wa kulia, na magari yetu mengi ya usukani wa kushoto hutoka Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba.

Shemeji yangu, mfanyabiashara wa mpakani, alijifunza hilo kwa fedha zake. Alinunua ng'ambo taa mbili za mbele, akafurahia bei. Zilipofungwa zikaenea vizuri kabisa, lakini gari likakataliwa kwenye ukaguzi. Taa ya nchi za kushoto humulika zaidi ukingo wa kushoto wa barabara. Ukija nayo huku, unamulika macho ya dereva anayekuja mbele yako. Fedha ya taa ikapotea, na nauli nayo.

Kwa hiyo, taa za mbele, reki ya stelingi, dashibodi na mpangilio wa waipa hutegemea upande wa usukani. Usivinunue kwa kukisia. Filta, plagi, beringi, pedi za breki na shokapu kwa kawaida havitegemei upande huo, lakini bado vinaweza kutofautiana kati ya gari la Japani na la Ulaya hata kama jina ni lile lile. Cha kuaminika ni namba ya spea inayopatikana kwa namba ya chesisi. Jina la gari peke yake halitoshi.

Jambo jingine ni forodha. Wapo wafanyabiashara wanaoamini kwamba kitu kilichonunuliwa Kampala ni bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sivyo. Cheti rahisi cha uasilia, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Shokapu ya Japani haigeuki kuwa ya Uganda kwa kulala usiku mmoja Kisekka. Piga hesabu ya ushuru na VAT kabla ya kusema umepata nafuu.

Mimi nilifanyaje? Niliomba kuonyeshwa gari likiwa juu, nikaona mwenyewe mafuta yakivuja kwenye shokapu. Nikalipia uchunguzi tu, faranga 47,200 pamoja na VAT, nikaomba namba za spea ziandikwe. Gatsata nikapata shokapu za kampuni inayojulikana na linki zake kwa 310,000, na fundi akazifunga kwa 60,000. Jumla yote faranga 417,200, kwa risiti ya EBM.

Sisemi wakala hana kazi. Gari likiwa bado ndani ya waranti, soma masharti yake kabla ya kumpelekea fundi wa nje. Mifuko ya hewa na mifumo ya umeme ni mambo ya mwenye vifaa vyake. Aidha, muulize kama namba yako ya chesisi imo katika magari yaliyoitwa na kiwanda kwa kasoro. Matengenezo ya namna hiyo kwa kawaida hayalipiwi na mwenye gari.

Mawakala nao wanaweza kutusaidia bila kupata hasara: waandike namba ya kila spea na saa za kila kazi, na wamrudishie mteja kifaa cha zamani bila kuombwa. Mteja aliyeonyeshwa anacholipia hurudi. Mimi nitarudi kwao kwa uchunguzi, maana ule wa faranga 47,200 ulikuwa sahihi, na gari halijagonga tena.